Bei, Kura na Chandarua: Jinsi Jaribio Linavyotenganisha Chanzo na Sadfa Sokoni

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliokuwa wakipambana na malaria Afrika Mashariki walikuwa na mjadala mkali ambao kiini chake hakikuwa tiba bali bei. Je, chandarua chenye dawa apewe mama mjamzito bure, au auziwe kwa bei ndogo? Upande mmoja ulisema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi: atakayekipata bila kutoa hata shilingi atakitumia kuvulia dagaa au kufunikia vifaranga, ilhali aliyetoa fedha yake, hata kidogo, ndiye anayekihitaji kweli na ndiye atakayekitundika juu ya kitanda. Upande wa pili ulijibu kwamba kwa familia isiyo na akiba hata bei ndogo ni ukuta. Tanzania ilishika njia ya kati kuanzia mwaka 2004, kwa mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani na kuongeza fedha kidogo juu yake. Kenya nako wajawazito waliuziwa vyandarua vya bei ya ruzuku kwenye kliniki, kwa shilingi 50 hivi.

Kila upande ulikuwa na hoja inayoingia akilini, na kila upande ulikuwa na takwimu. Hapo ndipo penye fundisho kwa mtu yeyote anayefanya utafiti wa soko, awe anauza chai, vocha za simu au bima. Tuseme mtafiti angezunguka nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba walionunua vyandarua wanavitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Matokeo hayo yangeonekana kuthibitisha kwamba bei hujenga thamani. Lakini mama aliyenunua tayari ana tofauti nyingi na yule aliyepewa: huenda ana kipato kinachozidi kidogo, anaishi karibu na kliniki, mumewe amekubali, au alishauguliwa na mtoto mwaka uliopita na sasa hataki kurudia. Na zahanati inayogawa bure huenda ilichaguliwa na wafadhili kwa sababu iko mahali ambapo umaskini na mbu vimezidi. Kwa hiyo tofauti ya matumizi ingeweza kutokana na bei, au na watu, au na mahali, na hakuna dodoso, hata liwe refu kiasi gani, ambalo lingeweza kuvitenganisha vyote vitatu kwa uhakika, kwa sababu baadhi ya tofauti hizo mtafiti hazijui hata kwa jina.

Swali la chanzo na matokeo lina umbo moja daima. Tunajua kilichotokea baada ya bei kupanda, tangazo kurushwa au nembo kubadilishwa. Tusichokijua ni kile ambacho kingetokea kwa watu walewale, wakati uleule, kama tusingefanya kitu. Nusu hiyo ya pili haionekani kamwe, maana mteja mmoja hawezi kuuziwa na kutouziwa chandarua asubuhi ileile. Takriban makosa yote ya utafiti wa soko kuhusu sababu ni makosa ya kuweka kitu kisichofaa mahali pa nusu hiyo isiyoonekana. Mwenye haraka huweka mauzo ya mwezi uliopita, kana kwamba kati ya mwezi ule na huu hakuna kilichobadilika isipokuwa tangazo lake. Mwingine huweka wateja ambao hawakuliona tangazo, kana kwamba kuliona au kutoliona ni jambo lililotokea tu bila sababu.

Njia ya kuijaza nusu hiyo kwa haki ilitokea mashambani. Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, mwanatakwimu Ronald Fisher alikuwa akihangaika na mbolea. Ukiweka mbolea kwenye kipande hiki cha shamba na kuacha kile, huwezi kujua kama mavuno yaliyozidi yametoka kwenye mbolea au kwenye udongo uliokuwa na rutuba tangu mwanzo. Fisher alipendekeza kwamba vipande vipangwe kwa kura. Kura haiujui udongo. Haimpendelei mkulima hodari wala haikwepi bonde lenye maji. Kwa hiyo, vipande vikiwa vingi vya kutosha, rutuba hugawanyika kwa wastani sawa pande zote mbili, pamoja na kila kitu kingine ambacho hakuna aliyekifikiria. Kinachobaki kuwa tofauti kati ya makundi ni mbolea, na bahati, na bahati ina hesabu zake zinazojulikana.

Nguvu yote ya jaribio iko katika kura hiyo. Watafiti wengi huamini kwamba wakishakuwa na kundi la majaribio na kundi dhibiti, yaani lile lisilofanyiwa kitu ili liwe la kulinganishia, tayari wana jaribio, hata kama makundi yenyewe yalipangwa na meneja wa mauzo kwa kufuata anavyoijua kanda yake. Hapana. Meneja anayejua kazi yake atapeleka bidhaa mpya kwenye maduka ambako anaamini itauzika, na kadiri anavyoijua kazi yake vizuri zaidi ndivyo ulinganisho wake unavyozidi kuharibika.

Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliupeleka mjadala wa vyandarua mbele ya kura. Katika eneo la magharibi mwa Kenya walichukua kliniki 20 za wajawazito. Kliniki 4 zilibaki kuwa kundi dhibiti, na 16 zilipangiwa kwa nasibu bei ya chandarua kuanzia bure hadi shilingi 40 za Kenya. Hakuna muuguzi aliyechagua bei ya kliniki yake. Kisha watafiti walikwenda kwenye nyumba za akina mama na kuangalia kama chandarua kimetundikwa. Jambo hilo la kuangalia kwa macho lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Mtu aliyepewa kitu bure na mgeni, kisha akaulizwa na mgeni mwingine kama anakitumia, atajibu kwa adabu kuliko kwa usahihi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa wazi kuliko wengi walivyotarajia. Bei ilipotoka sifuri kwenda shilingi 40, ambazo wakati ule zilikuwa kama senti 60 za dola, idadi ya akina mama waliochukua chandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopata bure hawakuonekana kuvitumia kidogo kuliko walionunua. Watafiti walikwenda hatua moja zaidi, wakaangalia wingi wa damu wa wanunuzi, kwa kuwa upungufu wa damu ni moja ya alama za malaria katika ujauzito. Kama bei ingekuwa inachuja na kuwabakiza wenye uhitaji, wanunuzi wa bei ya juu wangekuwa na damu pungufu zaidi. Hawakuwa hivyo. Bei ilikuwa imewafukuza watu bila kuchagua.

Ndani ya jaribio hilo kulikuwa na kura ya pili, na kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye ufundi mkubwa kuliko zote. Dai kwamba anayelipa hutumia zaidi lina madai mawili ndani yake yaliyobanana. La kwanza ni kwamba bei huchuja watu, yaani anayekubali kulipa ni mtu wa aina fulani tangu mwanzo. La pili ni kwamba tendo lenyewe la kutoa fedha humbadilisha mtu, kwamba akishalipa huona uchungu kukiacha kitu bila kukitumia. Kuyatenganisha kwa kuhoji watu haiwezekani, kwa sababu kila aliyelipa amepitia yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo, baada ya baadhi ya akina mama kukubali kununua kwa bei iliyotangazwa, kura ilichezeshwa tena na wengine wakapewa punguzo ambalo hawakulitarajia. Sasa kuna akina mama wawili waliokubali bei ileile, basi wamechujwa sawa, lakini mmoja amelipa zaidi na mwingine amelipa kidogo au hakulipa kabisa. Tofauti yoyote ya matumizi kati yao inatoka kwenye tendo la kulipa, si kwenye aina ya mtu. Nava Ashraf, James Berry na Jesse Shapiro walitumia mbinu hiyohiyo mjini Lusaka, Zambia, wakiuza dawa ya kusafisha maji nyumba kwa nyumba kwa bei mbili: ile ya kutangaza na ile ya kulipa.

Anayedhani kwamba yote haya ni mambo ya afya ya jamii, na kwamba kampuni yenye kompyuta na takwimu za mamilioni ya wateja haihitaji kura, na atazame kilichotokea eBay, soko la mtandaoni la Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa ikitumia fedha nyingi kununua matangazo kwenye mitambo ya kutafutia habari ya mtandaoni, ili mtu akiandika neno fulani aone kiungo cha eBay juu kabisa ya ukurasa. Takwimu zilionyesha kwamba waliobofya matangazo hayo walinunua sana, na makadirio ya kawaida yaliyotokana na kulinganisha matumizi ya matangazo na mauzo yalitoa faida ya zaidi ya asilimia 1,600 ya fedha iliyowekwa. Mwaka 2012 wanauchumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waliyafanyia jaribio. Kwanza matangazo yanayotokea mtu akiandika jina la kampuni yenyewe yalizimwa kwenye Yahoo! na mtambo wa Microsoft, huku yakiendelea kwenye Google. Takriban wateja wote waliopotea kwenye matangazo, asilimia 99.5, walifika eBay hata hivyo kwa kubofya kiungo cha kawaida kisicholipiwa kilichokuwa chini kidogo. Kisha matangazo ya maneno mengine yalizimwa kwenye Google katika asilimia 30 hivi ya maeneo ya soko la Marekani. Mauzo katika maeneo yale yalipungua kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kutofautishwa na sifuri, na makadirio ya faida ya matangazo yakageuka kuwa hasara ya asilimia 63.

Hakuna aliyedanganya katika takwimu za mwanzo. Anayeandika kwamba anatafuta gitaa la mtumba tayari anataka kununua gitaa la mtumba, na nia hiyohiyo iliyomfanya aone tangazo ndiyo iliyomfanya anunue. Tangazo lilisimama tu njiani kati ya nia na duka. Jaribio hilo pia lilionyesha jambo ambalo wastani ulikuwa umelificha: wateja wapya na wale wanaonunua mara chache waliguswa na matangazo, kwa sababu hao hawakuwa wameikumbuka eBay. Fedha nyingi ilikuwa ikitumika kwa watu ambao wangekuja bila kuitwa.

Kuanzisha jaribio la namna hii kwenye soko letu hakuhitaji mitambo, lakini kunahitaji uangalifu katika mambo ambayo huonekana madogo. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya majani ya chai ya Dar es Salaam inataka kujua kama stendi ndogo ya kuning'iniza pakiti za gramu 50 karibu na dirisha la duka la mtaani inaongeza mauzo. Maduka yanapangwa kwa kura, nusu yanapata stendi. Katika maduka yenye stendi wastani wa mauzo ya wiki unatoka pakiti 60 hadi 75, na bosi anafurahi kwa ongezeko la 15. Lakini katika maduka yasiyo na stendi wastani nao umetoka 58 hadi 68, kwa kuwa mvua zimeanza na watu wanakunywa chai. Kumi kati ya zile 15 ni za mvua. Stendi imeleta tano.

Tano zenyewe je, ni za kweli au ni bahati ya kura? Jibu linategemea mauzo yanavyotofautiana kutoka duka hadi duka, jambo ambalo watu wengi hulipuuza wanapopanga bajeti. Ikiwa mchepuko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi mauzo ya maduka yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni pakiti 20, na tunataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti ya pakiti 5 kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 cha kukosea, yaani kuona athari pale ambapo haipo, kanuni ya haraka inasema tuzidishe 16 kwa mraba wa mchepuko na kugawanya kwa mraba wa tofauti: 16 mara 400, gawanya kwa 25, ni maduka 256 kwa kila kundi. Tukitaka kuigundua tofauti ya nusu ya hiyo, idadi inapanda mara nne. Kampuni inayotoka na maduka 20 kila upande itarudi na tarakimu, lakini tarakimu hizo hazitaweza kujibu swali, na hatari kubwa ni kwamba zitasomwa kana kwamba zimejibu. Ipo nafuu moja isiyo na gharama. Mtafiti akiwa na daftari la mauzo ya kila duka kabla ya jaribio, na mauzo ya kabla yakiwa na uwiano wa 0.8 na ya baada (1 ingekuwa na maana kwamba yanakwenda pamoja kabisa), sehemu kubwa ya utofauti kati ya maduka inaweza kuondolewa kwa hesabu, na maduka 93 hivi kwa kila kundi yanatosha badala ya 256. Wiki chache za kuandika mauzo kabla ya kura zina thamani kuliko maduka mia na sitini ya ziada kila upande.

Lakini hesabu nzuri haiwezi kuokoa jaribio lililovuja, na kwenye mitaa yetu kuvuja ni rahisi sana. Maduka yanapakana. Ikiwa mteja wa duka lisilo na stendi anaiona stendi ya jirani na kwenda kununua pale, pakiti moja imeongezwa kwenye kundi la majaribio na pakiti ileile imepunguzwa kwenye kundi dhibiti. Tofauti inasomeka kuwa mbili ilhali jumla ya chai iliyouzwa mtaani haijasogea hata pakiti moja. Dawa yake ni kupiga kura kwa mitaa badala ya maduka, mtaa mzima upate stendi au mtaa mzima ukose. Hata hivyo dawa hii ina bei yake: ukipiga kura kwa mitaa, basi unachokihesabu kama sampuli ni mitaa, si maduka, na mitaa 10 yenye maduka 50 kila mmoja haifiki popote karibu na maduka 500 yaliyotawanyika.

Kuna pia mkono wa afisa mauzo. Akijua ni maduka gani yamepewa stendi, atayapitia mara kwa mara kuangalia stendi, na akipita ataacha mzigo. Duka ambalo chai haiishi litauza kuliko duka ambalo chai huisha kila Alhamisi, na stendi itapewa sifa ya lori. Ni lazima ratiba ya kupita iwe moja kwa makundi yote mawili. Vilevile kuna wenye maduka watakaokataa kuitundika stendi kwa sababu dirisha ni dogo. Mtafiti hushawishika kuwaondoa kwenye hesabu, na akifanya hivyo ameivunja kura kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa waliokubali si sawa na waliokataa. Maduka yote huhesabiwa katika kundi ambamo kura iliyaweka, yawe yametundika au hayakutundika. Kinachopimwa ni athari ya kupeleka stendi, na hicho ndicho ambacho kampuni itakifanya ikiamua kuendelea. Na mwisho wa jaribio uandikwe kabla halijaanza, pamoja na kipimo kimoja kikuu kitakachoamua. Anayefungua daftari kila Ijumaa na kusimamisha jaribio wiki ambayo matokeo yanapendeza atagundua athari hata pale ambapo hakuna chochote.

Jaribio likipangwa vizuri linaweza kubeba maswali kadhaa kwa pamoja, na mfano ninaoupenda unatoka Afrika Kusini. Mwaka 2003 mkopeshaji mmoja wa mikopo midogo aliwatumia wateja wake wa zamani barua zaidi ya 50,000 za kuwakaribisha kukopa tena. Kundi la watafiti likiongozwa na Marianne Bertrand lilizigawa kwa nasibu kwa namna mbili kwa wakati mmoja: kiwango cha riba kilichopangwa kwa kura, na sura ya barua nayo ikapangwa kwa kura, ikiwemo picha iliyowekwa, idadi ya mifano ya mikopo iliyoonyeshwa na kama barua ilipendekeza matumizi ya fedha. Kwa kuwa kura hizo mbili hazikutegemeana, kila moja ilipimwa kana kwamba nyingine haipo, kwa barua zilezile. Faida yake kubwa ni kwamba riba ikawa rula ya kupimia sura. Kusema tu kwamba picha ya mwanamke wa kuvutia iliongeza waombaji hakumsaidii sana mwenye kufanya uamuzi. Watafiti waliweza kusema kwamba picha hiyo, au kuonyesha mifano michache ya mikopo badala ya mingi, kuliongeza mahitaji kwa kiasi kinachokaribia punguzo la robo ya riba. Hapo mwenye biashara anaona kwa fedha kile ambacho mbunifu wa matangazo huwa anakitetea kwa hisia. Kwa mkopaji, nakiri, matokeo hayo yanatia wasiwasi, maana yanaonyesha jinsi jambo lisilohusiana kabisa na gharama ya mkopo linavyoweza kumsogeza mtu kwenye deni.

Si kila swali linakubali kura. Tangazo la redio ya taifa husikika kote, na ruzuku ya serikali huja kwa wilaya nzima. Mwaka 2007 na 2008 Tanzania ilijaribu kupitisha dawa ya mseto ya malaria, kwa ruzuku kubwa, kwenye maduka ya dawa baridi ya vijijini. Wilaya za Maswa na Kongwa zilipata dawa hiyo, na Shinyanga Vijijini ikabaki ya kulinganishia. Watafiti waliwahoji wateja walipokuwa wakitoka dukani, wakaangalia wamenunua nini. Miongoni mwa walionunua dawa za malaria katika wilaya zilizopata ruzuku, waliochukua dawa ya mseto walitoka asilimia 1 hadi asilimia 44 kwa mwaka mmoja, ilhali katika wilaya ya kulinganishia hali ilibaki ilivyokuwa.

Mkali wa takwimu atasema kwamba hizo ni wilaya tatu tu, na kwamba lolote ambalo lilitokea Shinyanga Vijijini peke yake mwaka ule, au halikutokea, linaweza kuuharibu ulinganisho. Anasema kweli. Lakini ukubwa wa athari nao ni ushahidi. Hakuna msimu wa mvua wala mabadiliko ya kipato ambayo kwa kawaida yangehamisha asilimia 43 ya wanunuzi kwenda kwenye dawa moja ndani ya mwaka mmoja katika wilaya mbili zilizo mbali, na kuiacha ya tatu bila kuguswa. Muundo dhaifu wa utafiti unatosha pale ambapo athari ni kubwa mno. Unashindwa pale ambapo tunagombania asilimia mbili au tatu, na mambo mengi ya soko ni ya asilimia mbili au tatu.

Hata jaribio lisilo na dosari ya ndani linaweza kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kabla ya tarehe 23 Aprili 1985, siku ilipobadilisha ladha ya soda yake nchini Marekani, kampuni ya Coca-Cola ilikuwa imewaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi waliipendelea ladha mpya. Onjesho hilo lilionyesha kwa usahihi kwamba ladha mpya, kwa mafunda machache, ilipendwa zaidi. Halikupima kitakachotokea ladha ya zamani ikiondolewa kabisa madukani, na hicho ndicho kampuni ilichokifanya. Malalamiko yaliyofuata yaliilazimisha kutangaza kurudishwa kwa ladha ya zamani tarehe 11 Julai mwaka uleule. Tendo lililojaribiwa lilikuwa kuonja, na tendo lililotekelezwa lilikuwa kunyang'anya.

Muda nao ni sehemu ya swali. Waliopinga vyandarua vya bure walikuwa na hoja moja ambayo jaribio la kliniki halikuigusa: kwamba mtu aliyezoea bure leo hatakubali kulipa kesho, na hivyo soko litakufa. Dupas aliijaribu hoja hiyo kwa jaribio jingine huko Busia, ambapo familia zilipangiwa kwa kura bei tofauti za chandarua cha kudumu, na baada ya mwaka mmoja zote zikapewa nafasi ya kununua cha pili kwa bei moja. Waliopata cha kwanza kwa bei ya chini kabisa ndio waliokuwa tayari zaidi kununua cha pili. Walikuwa wamelala chini yake mwaka mzima na kuona faida yake, na ujuzi huo ulizidi nguvu ya mazoea ya bei. Jaribio la miezi miwili lisingeweza kuliona hilo, na wala lisingejua kwamba halijaliona.

Linabaki suala la wateja wenyewe, ambao wanapangiwa bei bila kuulizwa. Mama wawili wa mtaa mmoja wakigundua kwamba wamelipa tofauti kwa kitu kilekile, watahisi wameibiwa, na hawatakuwa wamekosea sana. Njia inayotumiwa na watafiti makini ni kutopandisha bei ya mtu yeyote juu ya ile ya kawaida: kura hugawa mapunguzo tu, kwa hati au vocha ambayo mteja anaona wazi kwamba ni bahati nasibu, na asiyepata punguzo anauziwa kwa bei ambayo angeuziwa siku nyingine yoyote. Pale ambapo jaribio linakusanya namba za simu, afya au mienendo ya manunuzi, sheria zimeshasema: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Katika mfano wetu wa chai hilo ni jepesi, kwa sababu kinachohesabiwa ni pakiti zinazotoka kwenye kila duka, na jina la mnunuzi halina haja ya kuandikwa popote.